Fungua begi lako nione

SEHEMU YA 1

Mnaosubiri mada ya chanjo mnisamehe, itakuja wiki ijayo. Leo kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi, na nisipolisema sitalala.

Wengi mnajua kwamba huwa nashiriki msafara wa baiskeli wa kuchangia watoto njiti. Dar es Salaam hadi Dodoma, karibu kilomita 450, siku nne. Fedha zinazochangwa zinanunua vitanda vya joto kwa ajili ya wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Ni kazi njema na ninaipenda. Ndiyo maana nina haki ya kuigombeza.

Juzi nikiwa zamu ya usiku orodha ya vitu vya kubeba ikarushwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Nikaisoma mara mbili. Jezi mbili za msafara. Miwani ya jua. Pawabenki. Vinywaji vya kuongeza nguvu, makopo sita au zaidi. Halafu namba saba: "dawa za maumivu za kutosha." Za kutosha! Chini yake akina mama kumi na moja wameweka dole gumba. Mmoja akauliza, "Diklofenaki pakti ngapi zinatosha siku nne?" Akajibiwa, "Beba tatu, utawasaidia na wenzako."

Helmeti haimo kwenye orodha ile. Chumvi haimo. Maji yametajwa mwisho kabisa, eti "hiari, yatakuwepo kwenye gari."

Sasa niwaambie nilichokiona mwaka juzi. Siku ya pili, tumetoka Chalinze tunaitafuta Morogoro. Saa saba kasoro mchana, tunakaribia Mikese, jua limesimama utosini. Dada aliyekuwa mbele yangu akaanza kuyumba. Sio kuyumba kwa mtu aliyechoka, ni kuyumba kwa mlevi. Lori likapiga honi nyuma yetu, yeye hata kichwa hakugeuza. Nikamfuata, nikamshika keria, tukaingia wote wawili majanini. Nikamuuliza, unaitwa nani? Akanitajia jina la mtoto wake.

Ni mama wa watoto wawili, mdogo wakati ule alikuwa na mwaka na nusu. Nikafungua begi lake kutafuta maji. Nilikuta lipustiki, chaja mbili, jezi ya akiba, makopo mawili matupu ya kinywaji cha nguvu, na pakti ya diklofenaki ambayo vidonge sita vimeshatoka. Sita, tangu alfajiri! Chupa yake ya maji ilikuwa imebaki kwenye gari la huduma ili apunguze uzito, na gari lenyewe lilikuwa mbele kilomita kumi linatafuta mahali pazuri pa kupigia picha.

Jioni, hospitalini, alipofanikiwa kukojoa, mkojo ulikuwa rangi ya kokakola. Wauguzi mnaonisoma mnajua hiyo rangi inamaanisha nini. Misuli imeanza kuvunjika na figo zinazidiwa. Alilazwa siku tano. Figo zikarudi, Mungu mkubwa. Mume wake alikuja kutoka Dar na yule mdogo mgongoni, akanikuta koridoni, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sista, si mlisema mnaenda kusaidia hospitali?"

Sikuwa na la kumjibu. Tulikwenda kuchangia vitanda, tukakalia kimoja.

Kesho nitaeleza kuhusu hizo dawa. Usiku mwema.


SEHEMU YA 2

Mmenijaza meseji. Nyingi zinasema hivi: "Sista, mbona sisi tulipewa diklofenaki baada ya kujifungua kwa upasuaji na hatukufa?"

Ni kweli, na mimi mwenyewe nimewapa wengi. Diklofenaki sio sumu. Ila wewe wa wodini ulikuwa umelala kitandani, una dripu, una mtu anayeandika umekojoa kiasi gani. Wewe wa Mikese umekaa juani saa sita, umetoa jasho lita kadhaa, na hakuna anayeandika chochote.

Sikilizeni namna inavyofanya kazi. Mwili ukikauka, damu inayofika kwenye figo inapungua. Figo zinajitetea: kuna kemikali mwilini zinazosaidia kuipanua mishipa inayoingiza damu kule ili isikosekane kabisa. Sasa diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zinaondoa maumivu kwa kuzuia kemikali hizohizo. Ni kama mtaa uko kwenye mgao wa maji, una katanki kako kadogo kamebaki nusu, halafu mtu anakuja anafunga koki ya tanki. Unaona sasa? Ukimeza ukiwa umekunywa, umekula, umetulia nyumbani, mara nyingi utapona salama. Ukimeza ukiwa umekauka na bado una kilomita 40, umefunga koki.

Bado tumbo. Vidonge hivi juu ya tumbo tupu vinachubua, na waendeshaji wengi alfajiri wanakunywa chai ya rangi tu wanaondoka.

Halafu kuna hili linaloniudhi zaidi. Maumivu kwenye baiskeli yana habari yanayotaka kukupa. Goti linauma kwa mbele? Mara nyingi siti iko chini mno, mwambie fundi aipandishe kidogo. Vidole vinakufa ganzi? Unaukandamiza usukani, legeza viwiko, badilisha mshiko. Makalio yanawaka? Umevaa chupi ya mshono ndani ya kaptula ya baiskeli. Ivue, ile kaptula yenye sponji inavaliwa bila chupi, na mapajani upake vaselini kabla hujatoka, sio baada ya kuchubuka. Mambo matatu hayo hayagharimu kitu. Lakini ni rahisi zaidi kumwambia mama "meza viwili utasahau." Atasahau kweli. Atasahau mpaka jina lake.

Kwenye begi langu kuna panadol, pakti moja. Siigusi kabla sijafika kambini, sijanywa maji na sijala. Hata hiyo haizidi vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na ukiona unahitaji vinane, kesho wewe ni wa kupanda gari.

Sasa chumvi. Jasho lina chumvi, lambeni mkono wenu mkitoka mazoezini. Ukirudisha maji matupu peke yake, lita baada ya lita, chumvi iliyobaki kwenye damu inazidi kuzimuliwa. Unaanza kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Watu wanadhani umekauka, wanakuongezea maji matupu, hali inazidi kuwa mbaya. Nimeona kwa macho yangu kaka mwenye misuli kama mlango anatapika maji safi pembeni ya barabara na wenzake wanamshikia chupa nyingine mdomoni.

Dawa yake kila mama anaijua. Ni ORS, ileile anayopewa mtoto akiharisha. Pakti moja, lita moja ya maji safi na salama, basi. Duka la dawa lolote unaipata kwa bei ndogo kuliko kopo moja la hicho kinywaji cha nguvu. Ukikosa pakti: maji lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo. Sio kijiko kizima, nusu. Sukari haipo kwa ajili ya utamu tu, inausaidia utumbo kuiingiza chumvi, na maji yanaifuata. Nabeba pakti tatu kwa kila siku ya safari. Nakunywa nikisikia kiu, kidogo kidogo, na naangalia mkojo wangu kila nikisimama. Ukiwa mwepesi, rangi ya limau, naendelea. Ukiwa mzito rangi ya chai, nasimama kivulini, na sijali msafara umeenda wapi.

Vinywaji vya nguvu sina hamu navyo. Ni kafeini na sukari. Mama anayenyonyesha, kafeini inapita kwenye maziwa. Unamwachia mwanao chupa jioni halafu unashangaa bibi yake anakupigia saa nane usiku kwamba mtoto hajafumba jicho.

Kwa kula: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu, tende, kashata, karanga. Nauliza tu, nani alituambia kashata sio chakula cha mwanamichezo?


SEHEMU YA 3

Hii ni yangu mwenyewe na nilikuwa nasita. Akina baba mnaweza kusoma, tena msome, maana ninyi ndio mliopanga ratiba.

Msafara wangu wa kwanza nilimwacha binti yangu na miezi minane. Nilijiandaa kweli. Tyubu za akiba mbili, pampu, viraka na solusheni, spana, taa ya mbele na ya nyuma, koti la kung'aa usiku. Nesi mzima, miaka kumi wodi ya wazazi, nafundisha wengine kunyonyesha kila siku ya Mungu. Na sikubeba hata kikombe cha kukamulia maziwa! Nilijisemea, siku nne tu, yatakata kidogo halafu yatarudi.

Siku ya kwanza jioni pale Chalinze matiti yalikuwa mawe. Nikakamua kwenye choo cha nyumba ya wageni, nikamwaga. Kumwaga maziwa ya mwanao kwenye shimo la choo, huku kesho yake unaenda kuchangia watoto njiti wanaoyahitaji matone kwa matone, ni kitu kinachouma, acheni tu. Siku ya pili nikakamua mara moja. Siku ya tatu, kati ya Dumila na Gairo, vilima vinapanda na kushuka, kila tukio la barabara nalisikia kifuani. Nikamwomba kaka mratibu dakika ishirini. Akaangalia saa. "Sista, hapa hatujaja kliniki." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nawaambia ukweli, nilicheka pamoja nao kwa sababu sikutaka kuonekana mdhaifu.

Usiku ule Gairo, na upepo wake ule wa baridi, nilitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Titi la kushoto limewaka kabari nyekundu, joto 39.4. Nilikuwa nimepata uvimbe wa titi, ule tunaowaonya nao wengine kila asubuhi. Dodoma niliingia kwenye siti ya nyuma ya gari la huduma, nimefunikwa kanga. Kwenye picha za mapokezi simo. Mtoto alinyonya niliporudi, ila lile titi halikuwahi kurudi sawasawa na lenzake.

Na pale siti ya nyuma, miguuni kwangu, kulikuwa na friji ya barafu. Kubwa. Imejaa soda na bia za mapokezi. Barafu ilikuwepo safari nzima, mama zangu. Kilichokosekana ni mtu aliyefikiri kwamba maziwa ya mama ni mzigo unaostahili nafasi.

Kwa hiyo mama unayenyonyesha, begi lako linaanza kufungwa wiki nne kabla, na linaanzia kwa mtoto. Kama hajafikisha miezi sita na ananyonya maziwa yako tu, mwaka huu subiri. Sisemi kwa kukutisha. Kambini utakuwa unahesabu saa kama mfungwa, na yeye nyumbani vilevile. Akishavuka miezi sita na anakula, mzoeshe kunywa maziwa uliyokamua kwa kikombe, na ampe mtu mwingine, bibi, baba, shangazi, wewe ukiwa haupo chumbani. Kamua kidogo kila siku baada ya kunyonyesha, weka kwenye friza vifuko vidogo vidogo vyenye tarehe. Ya friji ya kawaida yatumike ndani ya siku 4.

Njiani unabeba pampu ya mkono au kikombe safi chenye mdomo mpana. Ya umeme acha, chaji itaisha Dumila. Sabuni, kitambaa safi, kanga mbili: moja ya kujifunika, nyingine ya kukalia. Unakamua kadiri mtoto angenyonya, basi. Ukikamua kupita kiasi mwili unadhani una mapacha na matiti yanajaa zaidi. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa hadi saa 4 mahali palipo na nyuzijoto 25 au chini ya hapo. Chalinze mchana sio nyuzijoto 25, tusidanganyane. Kwenye boksi la barafu lenye vipande vilivyoganda kweli yanakaa hadi saa 24. Kwa hiyo ukiwa siku mbili mbali na nyumbani mengi utayamwaga, na sasa umejua kabla, hutalilia chooni.

Ukihisi donge, wekundu, homa: simama. Kitambaa cha baridi, endelea kuyatoa maziwa kwa kiasi chake cha kawaida. Homa ikipita siku moja au ukajisikia vibaya haraka, hospitali, usingoje Dodoma.

Na ninyi mnaopanga ratiba. Dakika ishirini, kila baada ya saa tatu hadi nne, mahali penye kivuli na maji ya kunawa. Kwa siku nzima ni vituo vitatu. Mlisimama muda mrefu kuliko huo kurusha droni.


SEHEMU YA 4

Nilijua watakuja, na wamekuja.

Kundi la kwanza ni wa SGR. "Sista, treni inafika Dodoma kwa saa tatu na nusu hivi, si mpande treni mtume hizo hela?" Swali zuri, nalijibu. Hizo hela zisingekuwepo. Jirani yangu muuza mboga alinipa shilingi elfu tano kwa sababu ameniona alfajiri mwezi mzima napita mbele ya genge lake na baiskeli, nimelowa jasho. Angeniona napanda treni angenitakia safari njema. Watu wanachangia jasho wanaloliona. Lakini jasho, sio damu, na sio figo.

Kundi la pili: "Mama mwenye mtoto mdogo anatafuta nini barabarani? Sehemu zake ni nyumbani." Wengine wameniandikia kwa heshima na nawajibu kwa heshima. Wadogo zangu, mimi nimefanya kazi zahanati ya kijijini. Nimempokea mama saa tisa usiku, ana uchungu wa mtoto wa tatu, ameletwa kwenye keria ya baiskeli kilomita nyingi za mchanga, amekaa upande, ameshikilia shati la mume wake. Sikusikia mtu akimwambia baiskeli haimfai mwanamke mwenye watoto. Mama kwenye baiskeli anakubalika akiwa mzigo. Akishika usukani ndio inakuwa shida.

Ila na mimi nina neno kwa upande wetu, maana wapo akina mama wanaonishangilia hapa wakidhani nasema kila mtu atoke. Hapana. Hujafikisha wiki sita tangu ujifungue, baki. Ulifanyiwa upasuaji, usianze mazoezi kabla daktari hajakukagua. Mkojo unakuponyoka ukikohoa au ukiruka, hilo sio jambo la kuchekea saluni, kuna mazoezi yake ya nyonga na yanafanya kazi, njoo tuongee. Na kila mmoja wenu, KILA mmoja, kabla ya kulipa ada ya msafara nenda kapime presha na wingi wa damu. Mama aliyepoteza damu nyingi akijifungua anaweza kutembea mwaka mzima na damu ndogo akidhani ni uchovu wa kulea. Kilimani baiskeli itamwambia ukweli, na Dumila sio mahali pa kuambiwa.

Mwaka jana kuna dada tulimrudisha kwa sababu ya damu ndogo. Alilia, akaniita mchawi. Mwaka huu damu imepanda, anakuja, na ananipita kwenye mlima kila Jumapili bila huruma.


SEHEMU YA 5

Ya mwisho, maana kesho naingia zamu.

Mambo ya baiskeli yenyewe sitakaa nayo sana, mafundi wapo. Wiki mbili kabla, sio siku moja kabla, mpelekee fundi akague breki, cheni, spoku na tairi. Halafu mwambie akufundishe kubadilisha tyubu na wewe ufanye mbele yake mpaka mikono iwe myeusi. Mazoezi yawe ya wiki nane kwenda juu, ukiongeza kidogo kidogo. Anayeanza wiki mbili kabla ndiye mteja wa diklofenaki.

Helmeti. Nimechoka kusikia habari ya nywele. "Sista, nimesuka kwa elfu sitini, helmeti haiingii." Basi usisuke kwa elfu sitini kabla ya safari! Suka twende kilioni, zinalala kichwani vizuri, helmeti inakaa, na hela iliyobaki unachangia. Anayevaa ushungi, vaa mwepesi usio na mafundo wala pini juu ya kichwa, helmeti ikae chini vizuri usawa wa paji la uso, mkanda uingie vidole viwili tu kidevuni. Kanga ya kiremba kinene chini ya helmeti hapana, inateleza. Barabara ile ina malori ya kwenda nchi za jirani usiku na mchana. Upepo wa lori peke yake unakuyumbisha. Alfajiri hakuna kutoka mpaka pamekucha, hata kama mratibu anasema tutachelewa kupokelewa na mheshimiwa. Saa tano mpaka saa tisa tuwe kivulini.

Sasa fedha, hapa ndipo watanichukia. Waendeshaji mwaka huu tuko 38. Kila mmoja amelipa shilingi 45,000 za jezi mbili. Zidisheni wenyewe: 1,710,000. Boksi la huduma ya kwanza la mwaka jana, nililifungua mwenyewe, lilikuwa na bandeji mbili, spiriti nusu chupa, na plasta za watoto zenye katuni. Nimeuliza kwenye kundi bajeti ya boksi mwaka huu ni kiasi gani. Nimejibiwa, "Wadhamini wataangalia." Nikauliza helmeti kwa wasiokuwa nazo. Kimya. Nikauliza kama friji ya barafu itakuwa na upande wa maziwa. Kuna aliyeweka kikatuni cha kucheka.

Najua hoja yao: jezi ndizo zinawavutia wadhamini. Sawa, moja. Ya pili ya nini? Jezi moja unaifua jioni, asubuhi imekauka, upepo wa Gairo unaujua. Nusu ya fedha hiyo ni 855,000. Hapo kuna boksi kamili, kuna katoni za ORS, kuna dumu za maji safi kwa kila kituo, na bado kuna helmeti kadhaa. Nimewapelekea hesabu hiyo kwa maandishi. Wakisema mimi ni mkorofi, waseme nikiwa na nakala.

Kuna mtu ameniambia hapa nauharibu msafara, wachangiaji wataogopa. Ndugu yangu, yule mume aliyesimama koridoni na mtoto mgongoni alikuwa mchangiaji. Alitoa elfu hamsini kabla mke wake hajaondoka.

Basi tufanye hivi. Kila mama anayeondoka na sisi, na dada yeyote, na baba akitaka, Jumamosi kabla ya safari nitakuwa Kibaha, pale tunapofanyia mazoezi, chini ya mwembe, kuanzia saa mbili asubuhi. Leteni mabegi. Nitakuja na kipima presha, turubai na ndoo. Kila mtu anamwaga begi lake kwenye turubai, sote tunaona. Kila kidonge cha diklofenaki kinaingia kwenye ndoo, nitakipeleka famasi mwenyewe, na usinieleze habari ya goti lako, lete na baiskeli tuangalie siti. Makopo ya nguvu mtakunywa palepale kama mnayapenda sana. Kila begi litatoka pale na pakti 12 za ORS, chupa mbili zilizo ndani ya begi na sio kwenye gari, vaselini, kanga mbili, namba ya simu ya mtu aliyebaki na mtoto imeandikwa kwa kalamu ndani ya helmeti. Anayenyonyesha tutakaa naye pembeni tupange saa zake za kukamua, na saa hizo nitazisoma kwa sauti mbele ya kaka mratibu. Safari hii sitacheka.

Yule dada wa Mikese amesema atakuja. Haendeshi, bado. Atashika ndoo.